Mikopo ya simu: Ukibonyeza ‘Kubali’, unawakabidhi na wenzako

Pikipiki imeharibika, na jioni bosi anataka hesabu yake. Dereva wa bodaboda kijiweni Mbweni, Kinondoni, anahitaji Sh50,000 ya spea. Simu ipo mkononi, na tangazo limejileta lenyewe Facebook: mkopo ndani ya dakika tano, bila dhamana.

Anapakua. Anajaza namba ya NIDA, anapiga selfi, kisha anabonyeza Ruhusu, Ruhusu, Ruhusu bila kusoma, kama watu wengi wanavyofanya.

Siku ya nane hajalipa. Meseji zinaanza kwenda kwa mama mkwe, kwa fundi wa pikipiki, kwa abiria wake wa kila asubuhi: huyu mtu ni tapeli, mwambieni alipe deni la watu.

Dereva huyo ni wa mfano tu, ila mtindo wenyewe ni halisi. Mkazi wa Dar es Salaam ambaye hajawahi kupokea meseji ya namna hiyo kuhusu ndugu, jirani au mfanyakazi mwenzake ni wa kutafuta kwa tochi.

Kwa hiyo lile neno “bila dhamana” halina ukweli. Dhamana ipo. Ni majina yaliyomo kwenye simu yako, na heshima uliyonayo kwa wenye majina hayo.

Aplikesheni inachukua nini?

Inategemea umeiruhusu nini. Aplikesheni za mikopo zimekuwa zikiomba haya:

- Majina na namba zote ulizohifadhi.
- Meseji, zikiwemo za miamala ya M-Pesa, Airtel Money na mitandao mingine.
- Orodha ya simu ulizopiga na kupokea.
- Mahali ulipo.
- Picha na kamera.
- Aina ya simu na namba zake za utambulisho.

Ukiziangalia moja moja, hazitishi. Ukiziweka pamoja, mtu asiyekujua anajua mshahara wako unaingia tarehe ngapi, unamtumia nani hela kila mwezi, unalala wapi na nani ukimpigia atashtuka.

Kwa nini wanazitaka?

Sababu ya kwanza ni ya kibiashara, na ina mantiki yake. Watu wengi wa kipato cha chini hawana hati ya nyumba wala kumbukumbu benki, lakini wana meseji za miamala. Kampuni kama Tala na Branch, zote zenye asili ya California, zilijijenga Kenya kwa kusoma historia hiyo kwenye simu na kuamua nani akopeshwe na kiasi gani.

Zipo pia huduma za mikopo za kampuni za simu zenyewe, zinazofanya kazi na benki. M-Pawa ya Vodacom, kwa mfano, ilianza Tanzania mwaka 2014. Hizi hazihitaji kuomba ruhusa ya kusoma meseji za miamala yako, kwa sababu miamala yenyewe inapita kwao.

Sababu ya pili ndiyo mbaya. Namba za ndugu na marafiki hazisaidii sana kujua kama utalipa. Zinasaidia kukubana usipolipa. Kwenda mahakamani kwa deni la Sh50,000 ni gharama kubwa kuliko deni lenyewe. Meseji 40 za kumwaibisha mtu zinagharimu hela ndogo sana.

Hesabu yenyewe ikoje?

Chukua mfano huu. Umeomba Sh50,000. Kabla hela haijaingia wanakata “ada ya huduma”, unapokea Sh35,000. Baada ya siku 7 unatakiwa kurudisha Sh50,000.

Umelipa Sh15,000 kwa kutumia Sh35,000 kwa wiki moja. Hiyo ni karibu asilimia 43 kwa wiki. Ukichukua mkopo wa pili kulipa wa kwanza, kama wengi wanavyofanya, wiki ya nne unaweza kuwa unafanya kazi ya kulisha simu tu. Ndiyo maana mtaani mikopo ya aina hii, ya mtandaoni na ya mkononi, inaitwa kausha damu.

Mikopo hii si lazima iwe ya mtu wa mtaani mwenye daftari. Januari 2020, kampuni ya utafiti wa masoko ya Marekani, Hindenburg Research, ilitoa ripoti kuhusu Opera, ile ile yenye kivinjari cha intaneti kinachotumika sana kwenye simu za Afrika. Ripoti ilisema aplikesheni zake za mikopo, zikiwemo OKash na OPesa za Kenya, zilitoza riba ambayo kwa mwaka ilifika kati ya asilimia 365 na 876. Opera ilipinga ripoti hiyo, ikisema ina makosa mengi.

Kenya: waliacha lini?

Kenya ndiko tabia hii ilianza kubanwa mapema, kwa hiyo inaonyesha kitu kimoja wazi. Kampuni hazikuacha kwa sababu ya aibu. Zilianza kuacha zilipofungiwa njia.

Hatua zilikuja hivi:

- Machi 2022: Benki Kuu ya Kenya ilipata kanuni za wakopeshaji wa kidijitali. Kila mmoja akatakiwa kuwa na leseni. Hadi Oktoba 2024, kati ya waombaji zaidi ya 700, waliokuwa na leseni walikuwa 85.
- Aprili 2023: Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitangaza kuitoza kampuni ya Whitepath faini ya Sh5 milioni za Kenya. Malalamiko dhidi yake yalikuwa karibu 150.
- Mei 31, 2023: Sera mpya ya Google ilianza. Aplikesheni za mikopo binafsi zilizopo Play Store zilikatazwa kuingia kwenye namba na picha za mtumiaji.
- Septemba 2023: Mulla Pride, yenye aplikesheni za KeCredit na Faircash, ilitozwa Sh2,975,000 za Kenya kwa kutumia namba za watu kuwatumia meseji na simu za vitisho.

Angalia hatua ya tatu. Kampuni moja ya Marekani ilibadilisha sharti moja la duka lake, na jambo lililokuwa linafanyika kila siku likawa marufuku katika nchi nyingi kwa mpigo. Ni habari njema kwa mkopaji. Ila pia ina maana kwamba duka hilo lilikuwa na uwezo wa kuzuia miaka yote ambayo watu walikuwa wanaaibishwa.

Na sera hiyo ina mlango wa nyuma. Haihusu aplikesheni unayotumiwa kwa linki ya WhatsApp na kuipakua nje ya Play Store. Nyingine zinakwepa kwa kukutaka uandike mwenyewe namba za “wadhamini” wawili au watatu. Wadhamini hao hawajaulizwa.

Tanzania: sheria inasema nini?

Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu haki ya faragha. Kwa miaka mingi hakukuwa na sheria maalumu ya kuitekeleza kwenye mambo ya taarifa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa na Bunge Novemba 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023. Ndiyo iliyounda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, PDPC, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua rasmi Aprili 3, 2024.

Kwa lugha ya kawaida, sheria inasema hivi:

- Anayekusanya taarifa zako lazima awe amesajiliwa na Tume.
- Lazima akuambie anazikusanya kwa kazi gani kabla ya kuzichukua.
- Zilizochukuliwa kwa kazi moja zisitumike kwa nyingine.
- Una haki ya kujua ana taarifa gani kukuhusu, kutaka zirekebishwe au zifutwe, na kukataa kutumiwa matangazo.
- Una haki ya kuomba fidia ukipata madhara.

Adhabu zake si ndogo. Tume inaweza kutoza faini ya hadi Sh100 milioni. Kwa kosa la kutoa taarifa za watu kinyume cha sheria, mtu binafsi anaweza kutozwa hadi Sh20 milioni au kifungo cha hadi miaka 10, na kampuni faini ya kati ya Sh1 milioni na Sh5 bilioni.

Upande wa mikopo, msimamizi ni Benki Kuu ya Tanzania, BoT, kwa kutumia Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Agosti 2024 BoT ilitoa mwongozo kwa wanaokopesha kidijitali. Novemba mwaka huo huo ikatangaza orodha ya majukwaa na aplikesheni 69 zinazokopesha bila leseni, na kuwataka wananchi wazikwepe. Kati ya mambo ambayo BoT ilisema hazikuyatimiza ni uwazi wa riba na tozo, namna ya kudai madeni, na kulinda taarifa za mteja.

Meseji za matusi nazo zina sheria yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtambua anayemsumbua au kumtisha mtu kwa njia ya kielektroniki kuwa ametenda kosa. Adhabu ni faini isiyopungua Sh5 milioni, kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili.

Kwa nini bado watu wanaibishwa?

Kwanza, kufungia jina si kufungia biashara. Aplikesheni ikifungwa Jumatatu, Ijumaa inaweza kurudi na nembo mpya, jina jipya na namba nyingine za kudai.

Pili, huwezi kumkamata usiyemjua. Ofisi haina anwani, anayepiga simu anatumia laini isiyo ya kampuni, na mashine zinazotunza taarifa zinaweza kuwa nje ya nchi.

Tatu, sheria yenyewe imeguswa mahakamani. Wakili Tito Magoti aliipeleka Mahakama Kuu, na Mei 2024 mahakama ikakubali kwamba baadhi ya maneno ya vifungu vya 22 na 23, vinavyohusu ukusanyaji wa taarifa, hayaeleweki vizuri. Serikali ikapewa mwaka mmoja kuyarekebisha.

Nne, na hili ndilo kubwa, aliyeaibishwa anakaa kimya. Deni ni siri. Kwenda kulalamika ni kukiri mbele ya watu kwamba ulikopa. Hao wadai wanalijua hilo, na ndilo wanalolitegemea.

“Lakini si ulikubali mwenyewe?”

Hili ndilo jibu la kampuni kila zinapobanwa: masharti yalikuwepo, mteja alibonyeza Kubali.

Jibu hilo lina shida mbili. Ya kwanza, masharti yenyewe mara nyingi yako kwa Kiingereza, ni marefu, na mtu anayasoma akiwa ana shida ya hela. Ukikataa ruhusa moja, mkopo hakuna. Hapo hujaachiwa uchaguzi wa kweli.

Ya pili ni nzito zaidi. Hata kama dereva wa Mbweni alikubali kwa akili timamu, mama mkwe wake hakukubali. Fundi hakukubali. Mtu mwenye namba 400 kwenye simu akibonyeza Ruhusu, amewatoa watu 400 ambao hawajui lolote. Hakuna mkopaji anayeweza kutoa ridhaa kwa niaba ya watu hao.

Hao watu 400 nao ni wenye taarifa kwa mujibu wa sheria. Wana haki ya kulalamika wao wenyewe, hata kama hawadaiwi shilingi.

Si mikopo tu

Kenya iliona sura nyingine ya jambo hili Julai 2023, pale Worldcoin, mradi unaohusishwa na Sam Altman wa OpenAI, ulipokuwa ukipiga picha za mboni za macho Nairobi. Aliyekubali alipewa sarafu 25 za kidijitali, zilizokuwa na thamani ya takriban Sh7,000 za Kenya. Watu walipanga foleni ndefu jengo la KICC, na zaidi ya 350,000 waliandikishwa kabla Serikali haijausimamisha mwanzoni mwa Agosti. Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ikaamuru taarifa hizo zifutwe.

Mbinu ni ile ile ya mkopo: mfuate mtu wakati ana shida, mpe hela ndogo ya haraka, chukua kitu asichoweza kukibadilisha. Namba ya siri inabadilika, jicho halibadiliki.

Hapa Tanzania, alama za vidole zimeunganishwa na laini za simu tangu usajili ulipoanza Mei 1, 2019, na laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 20, 2020. Lengo lilikuwa kupunguza utapeli. Bado meseji za “ile hela tuma kwenye namba hii” zinaingia, na wapo watu wanaokuta laini wasizozijua zimesajiliwa kwa kitambulisho chao.

Na si kampuni kubwa peke yake. Ukiingia kwenye nyumba zenye geti Mbweni, mlinzi anakupa daftari: jina, namba ya simu, kitambulisho, saa. Kwa wakala wa pesa kuna daftari jingine, lenye namba yako na kiasi ulichotoa, liko wazi mezani kwa anayekuja baada yako. Daftari likijaa, linaenda wapi? Hilo nalo ni swali la taarifa binafsi.

Ufanye nini?

*Kabla ya kukopa*

- Tafuta jina la kampuni, siyo la aplikesheni tu, kwenye orodha ya wenye leseni iliyopo tovuti ya BoT. Halipo? Achana nayo.
- Usipakue aplikesheni ya mkopo kwa linki ya WhatsApp au Telegram.
- Ikiomba namba zako, picha au meseji, kataa. Ikikunyima mkopo kwa hilo, imekuonyesha itakavyokudai.
- Piga hesabu ya hela itakayoingia mkononi, siyo iliyoandikwa kwenye tangazo.

*Kama umeshakopa*

- Ingia Mipangilio, kisha Programu, kisha Ruhusa, uzime zote. Kufuta aplikesheni kunazuia isichukue zaidi, ila hakufuti ilichokwisha kuchukua.
- Piga picha ya skrini ya kila meseji ya vitisho, namba na tarehe zionekane. Usifute kwa hasira.
- Waambie watu wako wa karibu mapema. Siri ikishatoka kwako mwenyewe, mdai hana cha kuuza.
- Lipa unachodaiwa kihalali na utunze risiti. Kuvunjiwa faragha hakufuti deni.

*Kama umetumiwa meseji kuhusu deni la mtu mwingine*

- Usiisambaze kwenye kundi la familia au la kazini. Ukifanya hivyo unamfanyia mdai kazi yake bure.
- Itunze kama ushahidi. Wewe pia unaweza kulalamika.

*Pa kulalamika*

- PDPC, kuhusu taarifa zako kuchukuliwa au kusambazwa.
- BoT, kuhusu mkopeshaji mwenyewe, riba na leseni yake.
- Polisi, kuhusu vitisho na matusi.
- Meseji za utapeli, tuma namba ya tapeli kwenda 15040. Kujua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106#.

Cha kuondoka nacho

Kampuni itakuambia inajali faragha yako. Sentensi hiyo ipo kwenye kila ukurasa wa masharti, hata wa zile zilizofungiwa. Kipimo chake si maneno hayo. Ni kinachotokea siku ya nane, mteja akiwa hajalipa.

Whitepath haikutozwa faini kwa sababu kuna ofisa aliyeamka asubuhi akaikumbuka. Kuna watu karibu 150 waliokubali aibu ya kusema “nilikopa, wakanifanyia hivi”, au “sikukopa, ila wamenipigia”. Tanzania sheria ipo, Tume ipo, faini zipo kwenye karatasi. Ili zitoke kwenye karatasi, lazima malalamiko yafike mezani, likiwemo la dereva wa pale kijiweni na la mama mkwe wake.